Matairi manne hayazuii kuanguka

SEHEMU YA 1: Mtoto wa siku ya pili ya Idd

Nesi wenu nimerudi. Wiki hii siongelei homa, wala chanjo, wala uji wa lishe. Naongelea pikipiki ya matairi manne, ile ambayo vijana wa ufukweni wanaiita kwodi.

Najua mmeshaanza kujiuliza nesi kapatwa na nini. Ngojeni niwaeleze.

Siku ya pili ya Idd nilikuwa zamu ya mchana, chumba cha majeruhi. Akaletwa mtoto wa kiume, miaka 8, mchanga umejaa hadi masikioni. Mkono wa kushoto umevunjika, shavu limechubuka. Familia ilikwenda kupunga upepo, wakakodi kwodi kwa dakika chache ili mtoto afurahi. Akakata kona, ikambwaga, ikapita juu ya mkono. Mungu saidia haikupita juu ya kifua.

Mama yake alikuwa analia, na kila akinyamaza anarudia maneno yale yale: "Nesi, waliniambia haianguki. Si ina matairi manne?"

Sikumlaumu. Hata mimi ningeamini. Baiskeli inaanguka, bodaboda inaanguka, lakini kitu chenye matairi manne kinasimama chenyewe kama meza. Jioni nikamsimulia baba watoto wangu, ambaye ni fundi pikipiki. Akachukua simu akanionyesha video za mashindano ya kwodi kwenye misitu ya Marekani. Akaniambia, "Hawa ndio wanaoijua hii mashine. Angalia wanavyoiandaa kabla hawajaipanda, utajua wanaiogopa kiasi gani."

Nikaangalia. Nikaanza kusoma historia yake, siku moja ikawa wiki tatu. Kumbe ile imani ya yule mama ina miaka zaidi ya 40, na waliokuwa nayo kabla yake waliilipia. Fuatana nami, sehemu ziko 7.

SEHEMU YA 2: Ilianza na matairi matatu

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wauzaji wa pikipiki za Honda kule Marekani walikuwa na shida ya biashara. Baridi ikiingia na theluji ikianguka, hakuna anayenunua pikipiki. Wakaiomba kampuni iwatengenezee kitu cha kuuza majira hayo.

Kazi akapewa mhandisi Mjapani, Osamu Takeuchi. Alijaribu miundo ya kila aina, mpaka mashine za matairi sita. Mwisho akachagua matatu: moja mbele, mawili nyuma, manene kama maputo na yenye upepo kidogo sana. Ikatoka mwaka 1970 kwa jina la US90, bei dola 595. Baadaye ikaitwa ATC90. Injini yake ilikuwa cc 89 tu, ndogo kuliko bodaboda unayopanda kwenda sokoni.

Haikuwa na shokapu hata moja. Yale matairi laini ndiyo yaliyokuwa shokapu. Ilitembea juu ya theluji, mchanga na tope bila kuzama. Mwaka 1971 ikaonekana kwenye filamu ya James Bond, Diamonds Are Forever. Wakulima wakaipenda, wawindaji wakaipenda, na watoto ndio usiseme. Yaani ilikuwa na sura ya mwanasesere.

Sasa hapa sikiliza kitu kimoja cha kifundi, kwa sababu ndicho kinacholeta watu kwangu.

Gari likikata kona, tairi la nje linazunguka haraka kuliko la ndani. Gari lina kifaa kinachoruhusu hilo. Mashine hizi hazikuwa nacho. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, matairi yote mawili yanazunguka sawasawa. Maana yake mashine yenyewe inataka kwenda moja kwa moja. Ukitaka ikate kona lazima uinuke, uhamishe mwili wako, uzito ukae unapotakiwa. Mtu mzima aliyefundishwa anaweza. Mtoto anakaa tu amekumbatia usukani, anazungusha kama baiskeli. Hapo ndipo inapombwaga.

Mwaka 1981 Honda wakatoa ATC250R, matairi matatu, yenye shokapu mbele na nyuma na mwendo mkali. Mwanasesere akawa farasi. Na hospitali zikaanza kujaa.

SEHEMU YA 3: "Tuongeze tairi la nne"

Mwaka 1982 Suzuki wakaleta QuadRunner LT125, ya matairi manne. Mnaona? Kila mtu akashusha pumzi: dawa imepatikana.

Lakini hawakuishia kwenye mashine ya polepole. Mwaka 1985 Suzuki hao hao wakatoa LT250R, kwodi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio. Mwaka 1986 Honda wakajibu na TRX250R. Mwaka 1987 Yamaha wakaja na Banshee, yenye silinda mbili. Ndani ya miaka mitano tu kutoka chombo cha kwanza cha matairi manne, watu walikuwa wanashindana nazo kwa mwendo wa kutisha.

Majeruhi wakaendelea kuongezeka, na sehemu kubwa wakiwa watoto. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ikaingilia kati, kesi ikafika mahakamani. Mwaka 1988 makampuni makubwa yakasaini makubaliano ya miaka 10: kuacha kuuza mashine mpya za matairi matatu, kutoa mafunzo kwa wanunuzi, na kuweka maonyo ya umri. Mashine ya zaidi ya cc 90 isiuzwe kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka 16. Mwaka 2008 bunge lao likayafanya mengi ya hayo kuwa sheria.

Matairi matatu yakatoka dukani. Manne yakabaki. Je, watu waliacha kuumia? Hapana, mama. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo ambao hakijaubadili hadi leo: mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa hizi mashine.

Sababu zao ninaziona kazini kwangu. Kwodi ya mbio ina uzito wa kilo 160 hadi 180 na zaidi. Mtoto wa miaka 8 ana kilo kama 25. Ikimlalia kifuani hawezi kuisukuma, na hawezi kuvuta hewa. Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo akirushwa kinatangulia. Na akili ya kupima hatari bado haijakomaa. Hilo halina uhusiano na kuwa mtoto mtiifu au mtundu.

SEHEMU YA 4: Msituni ndiko walikojifunza adabu

Sasa tuje kwa wale wa kwenye video za baba watoto.

Mwaka 1975, kwenye mji mdogo wa Davis, jimbo la West Virginia, mtu mmoja aitwaye Dave Coombs alianzisha mashindano ya pikipiki yaliyoitwa Blackwater 100. Ile 100 ni maili, kama kilomita 160, ndani ya milima, vinamasi na mito. Watu walikuwa wanakwama kwenye tope hadi kiunoni. Kutokana na mbio hizo ukazaliwa mfululizo mzima wa mashindano, unaojulikana kama GNCC, na mashine za matatu na manne zikapewa nafasi yao. Blackwater yenyewe ilifanyika mara ya mwisho mwaka 1993, ila mfululizo unaendelea kila mwaka hadi sasa.

Daraja la watu wazima linachukua kama saa mbili bila kupumzika. Wanaanza mashine zikiwa zimezimwa. Bendera ikipigwa ndipo kila mtu anawasha yake, wanakimbilia msituni kwa pamoja, na huko njia ni nyembamba, mizizi, mawe, magogo.

Halafu kukatokea jambo. Honda waliacha kutengeneza TRX250R baada ya modeli ya 1989. Suzuki wakaacha LT250R baada ya 1992. Kwa miaka mingi washindani wengi waliendelea kutegemea mashine ambazo kiwanda kilishaziacha. Ikabidi wajifunze kuzitunza wenyewe: kufungua injini mezani, kuchomelea fremu, kuagiza vipuri kwenye karakana ndogo. Mashine mpya za mbio zilirudi taratibu, Honda TRX400EX mwaka 1999, kisha Yamaha YFZ450 ya modeli ya 2004. Lakini tabia ilikuwa imeshajengeka. Mshindani wa msituni ni fundi kwanza, dereva baadaye.

Na matokeo yanaonekana. Barry Hawk alichukua ubingwa wa kwodi mara 7 mfululizo, 1993 hadi 1999. Akafuata Bill Ballance, mara 9 mfululizo, 2000 hadi 2008. Kina mama nasi tupo, Traci Cecco amekuwa bingwa wa daraja la wanawake mara nyingi. Kwa saa mbili za mawe na tope, msimu baada ya msimu, mwendo peke yake haukupi ubingwa. Mashine ikifa katikati ya mto, mwendo wako unaisha hapo hapo.

SEHEMU YA 5: Kila kifaa kina majeruhi wake

Nilimwomba baba watoto anionyeshe kwodi ya msituni kifaa kimoja kimoja. Yeye alikuwa anaona chuma, mimi nilikuwa naona faili za wagonjwa. Hebu tuangalie pamoja.

Kamba ya kuzimia. Ni kamba fupi, upande mmoja umefungwa kwenye mkono au nguo ya dereva, upande wa pili kwenye swichi ya injini. Akianguka, kamba inachomoka, injini inazima. Bila hiyo, mashine inaendelea kukimbia peke yake, au inageuka ikamrudia.

Mabomba ya pembeni yenye wavu. Yako kati ya tairi la mbele na la nyuma, pale miguu inapokaa. Mguu ukiteleza chini, tairi la nyuma linaumeza. Wavu unauzuia. Mabomba pia yanazuia tairi la mwenzako lisiingie kati ya yako mkigongana.

Upana. Kwodi ya kuruka vilima inajengwa pana ili isipinduke. Ya msituni haiwezi kuwa pana sana, haitapita kati ya miti. Yamaha walitoa YFZ450R yenye upana wa kama sentimita 124, kisha kwa ajili ya msituni wakatoa YFZ450X ya kama sentimita 117. Sentimita 7 tu, lakini dereva anazilipia: mashine nyembamba inapinduka kirahisi zaidi, kwa hiyo mwili wake lazima ufanye kazi zaidi.

Kizuia mtikisiko wa usukani. Tairi likigonga kisiki, usukani unazunguka ghafla kwa nguvu ya kuvunja kifundo cha mkono. Kifaa hiki kinameza ile nguvu.

Vikinga mikono kwa ajili ya matawi. Mabamba ya chuma au plastiki ngumu chini ya tumbo la mashine, kwa ajili ya mawe na magogo. Kikinga cha rejeta, na feni, kwa sababu ukienda polepole kwenye tope injini inachemka kama sufuria ya maharage.

Matairi. Ya msituni yana kuta nene, na upepo unaotiwa ni mdogo sana ukilinganisha na wa gari, ili yashike ardhi. Wengine wanajaza sponji maalumu ndani, mwiba ukitoboa waendelee.

Na dereva mwenyewe: helmeti inayofunika hadi kidevu, miwani, kikinga kifua, glavu, buti ndefu hadi karibu na goti. Wengi wanaongeza kikinga shingo.

Sasa rudi kwenye picha ya ufukweni: mtoto amevaa kaptula na kandambili. Kichwani hana kitu.

SEHEMU YA 6: Kazi inayofanyika wakati hakuna anayeangalia

Mama zangu, hii ndiyo sehemu niliyoipenda, maana inafanana na kazi yangu.

Wodini kuna trei ya dharura. Kila zamu ikianza tunaikagua, hata kama jana hakuna aliyeigusa. Dawa zipo? Hazijaisha muda? Taa ya kuangalizia koo inawaka? Siku mtu akizimia si siku ya kutafuta betri.

Washindani wa msituni wanafanya hivyo hivyo. Mbio zikiisha wanaosha mashine siku ile ile, kabla tope halijakauka. Wanaziba bomba la moshi, na hawaelekezi maji ya presha kwenye beringi, kwa sababu maji yanafukuza grisi na kutu inaanza kimya kimya.

Filta ya hewa inatolewa. Ni sponji, inafuliwa kwa dawa yake, inakaushwa, inapakwa oili nzito inayonata ili ikamate vumbi. Vumbi kidogo likipita, pistoni na silinda zinasagika kama kwa msasa. Oili ya injini inabadilishwa mapema. Wanahesabu kwa saa za kazi, maana kilomita za msituni zinadanganya: ni chache lakini zote ni za mateso.

Kisha wanashika kila tairi kwa mikono miwili na kulitikisa. Likicheza, beringi au viungo vya usukani vimechoka. Wanakagua pedi za breki, maana tope linazila kama msasa. Wanakaza cheni, wanaangalia meno ya gia yake, wanapaka grisi kwenye mikono ya shokapu, wanapitia nati moja moja kwa spana, hasa zile za ekseli. Wanaangalia fremu kama ina ufa.

Na kabla ya kuanza, wanawasha injini, wanaichomoa ile kamba kwa makusudi kuona kama itazima. Isipozima, mashine haitoki.

Nilimuuliza baba watoto, "Na zile za kukodisha, nani anazitikisa matairi?" Akanijibu kwa kunyanyua mabega.

Sisemi wote. Wapo wanaotunza vizuri, wana helmeti na mwongozaji. Ila mashine inayotembea kwenye mchanga na chumvi siku nzima, ikapandwa na watu ishirini tofauti, inahitaji ukaguzi zaidi ya ile ya msituni.

SEHEMU YA 7: Sasa tufanyeje?

Siwaambii msiende ufukweni. Likizo ni haki ya familia. Nawaambia mshike haya.

1. Mtoto wa chini ya miaka 16, jibu ni hapana. Atanuna, atapona. Mpe soda.

2. Usimpakate mtoto kwenye kwodi ya mtu mmoja. Tunaona kiti kirefu tunadhani ni cha kubebana. Sivyo. Kiti ni kirefu ili dereva ahamishe mwili wake mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukiweka mtu wa pili umemnyima dereva nafasi ya kuizuia isipinduke.

3. Wewe mtu mzima ukitaka kupanda, uliza: helmeti ya saizi yangu iko wapi? Kamba ya kuzimia ipo? Hebu ichomoe nione. Breki zikoje? Shika tairi ulitikise. Vaa viatu vya kufunika. Wakikucheka, ondoka na hela yako.

4. Ajali ikitokea, zima injini kwanza. Usimvute wala kumkalisha mtu aliyeanguka kwa nguvu. Akilalamika shingo au mgongo, mwache alivyo, shika kichwa kisitikisike, ita msaada. Kama mashine imemlalia, iondoeni watu kadhaa kwa pamoja, wala msimburute.

5. Usukani ukimpiga mtoto tumboni, mlete hospitali hata kama nje hana alama. Bandama au ini linaweza kuvuja damu ndani kwa masaa huku mtoto anacheza. Akipauka, akipata jasho baridi, tumbo likikaza, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo akigonga kichwa kisha akatapika, akalegea au akawa na usingizi usio wa kawaida.

Yule mtoto wa Idd alirudi kufunguliwa hogo. Mkono umeunga vizuri. Mama yake akanikumbuka, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mimi naona alikuwa mzembe. Nikamwambia ukweli: dada yangu, uliamini walichoamini Wamarekani mwaka 1982, kwamba ukiongeza tairi la nne umemaliza tatizo. Waliojua kuwa halijaisha ni wale wanaolala saa sita usiku wakikaza nati.

Akacheka kidogo. Mtoto akauliza kama anaweza kupanda tena. Mama akasema, "Ukifika miaka 16 tuongee." Nikampigia makofi.

Mpelekee na mwenzio anayejiandaa kwenda likizo na watoto. Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mafua ya watoto, nimeahidi.

Nesi wenu.